Uhuru na Jamhuri kwenye Stempu Moja

Kuna stempu ya Zanzibar yenye maneno mawili ambayo nchi nyingine ziliyatenganisha kwa miaka. La kwanza lilichapwa kiwandani: UHURU 1963. La pili liligongwa juu yake kwa muhuri wa mkono: JAMHURI 1964. Kati ya uhuru ule wa tarehe 10 Desemba na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari zilipita siku 33 tu. Stempu mpya hazikuwepo, na barua zilitaka kusafiri. Posta ikachukua akiba ya zamani, ikazigonga muhuri, ikaendelea kuuza.

Nilianza kuzitafuta nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia, kwa sababu hiyo ndiyo hati ya kale niliyoweza kuimudu. Nyingi bado hupatikana kwa bei ya chai na chapati. Zinazosakwa ni zile mkono ulipoteleza, muhuri ukakaa juu chini au ukagongwa mara mbili. Sioni ajabu. Kosa la karani ndilo linalonithibitishia kwamba palikuwa na karani: mtu na meza yake, wino vidoleni, anagonga moja baada ya nyingine, naye hajui kesho italeta nini. Baadaye yalikuja matoleo ambayo neno hilohilo lilichapwa kwa mashine, herufi zimenyooka. Hayo nayatazama, lakini hayanishiki.

Ninayo pia stempu ya toleo la 1961, yenye picha ya Sultani Abdulla bin Khalifa. Yeye alifariki Julai 1963, hakuuona uhuru wala Mapinduzi. Aliyepinduliwa ni mwanawe, Jamshid. Hata hivyo Jamhuri imegongwa kwenye stempu ya marehemu, na sura yake bado inaonekana.

Katika ukoo wetu kuna wanaouita mwaka ule ukombozi, na kuna wanaosema "wakati ule" kisha wananyamaza. Wote hukutana harusini, wakala pilau sinia moja. Mimi nimekulia katikati yao, nikijua maswali gani hayaulizwi.

Siku niliyompelekea bibi mzaa mama albamu yangu, hakuuliza bei kama wengine. Aliipitisha karibu na jicho lake linaloona kidogo, akauliza, "Na barua zake ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Wauzaji wengi huuza stempu iliyobanduliwa. Bibi akaniagiza nifungue kasha lake la nguo. Chini kabisa palikuwa na bahasha aliyotumiwa na kaka yake kutoka Unguja, mapema mwaka 1964, wakati yeye yuko Mombasa, bi harusi wa miezi michache. Ndani, karatasi moja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Yeye haoni vizuri tena. Mimi chuoni nilisoma msahafu wenye irabu. Mwandiko wa haraka usio na irabu ni bahari nyingine. Kwa hiyo tunasoma wawili. Mimi nataja herufi, "kaf, ra, fa," naye anasikiliza, anaonja, kisha anasema, "Karafuu. Endelea, mwanangu."

Tumemaliza nusu ukurasa kwa Ijumaa tatu. Salamu ndefu, majina ya jamaa, sote wazima alhamdulillahi, bei ya karafuu. Halafu, bila maelezo, maneno matatu: usije mwezi huu.

Bibi aliniomba niyataje tena, herufi kwa herufi. Nikayataja. "Nilikuwa nimeshafunga mzigo," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kunieleza lolote kuhusu mwaka ule, nami sikuthubutu kuuliza la pili.

Muhuri kwenye bahasha ile umegongwa sawasawa, katikati, wino umekolea, hakuna kosa hata moja. Mkusanyaji angeitazama mara moja na kuipita. Ijumaa ijayo tunaanza mstari unaofuata.