Simu Imekufa, Kumbukumbu Zako Je?

Leo mahindi na mbolea vipumzike kidogo, tuzungumzie simu. Msimu huu wa manunuzi nimeletewa simu mbovu ofisini karibu sawa na majani yaliyoliwa na viwavijeshi. Watu wanaamini bwana shamba anajua kila kitu.

Kuna mama anayekusanya mahindi vijijini upande wa Matimira. Simu yake ilidondoka kutoka kwenye bodaboda, ikakanyagwa na gurudumu. Alikuwa amechukua mahindi ya wakulima kumi na mmoja kwa mali kauli, na kilo za kila mmoja alizipiga picha kwenye mizani. Daftari hakuwa nalo. Wakulima wakaanza kunong'ona kwamba anatafuta njia ya kuwadhulumu. Fundi wa kwanza akamwambia simu iflashiwe, itapona.

Nilimwambia, "Hapana mama, subiri kwanza." Kuflashi kunaweza kuiponya simu, lakini kwa kawaida kunafuta kila kitu kilichomo. Fundi anafikiria simu iwake. Wewe unafikiria picha za mizani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na usipomwambia fundi mapema, atafanya la kwake.

Nikaipigia ile simu. Kioo kilikuwa cheusi tii, lakini ikaita na kutetemeka. Hicho ndicho kipimo chako cha kwanza. Simu inayoita bado iko hai ndani, kilichokufa ni kioo tu. Kumbukumbu hazikai kwenye kioo. Zinakaa kwenye kipande kidogo kilichochomelewa kwenye mazabodi.

Tulikwenda kwa fundi mwingine hapa mjini Songea. Akapachika kioo kingine kwa muda, mama akaweka namba yake ya siri mwenyewe, picha zikahamishiwa kwenye memori kadi. Wakulima wote kumi na mmoja walionyeshwa kilo zao na wakalipwa.

Kama kioo kinaonyesha lakini tachi haishiki, kuna njia rahisi zaidi. Simu nyingi zinakubali kipanya cha kompyuta kwa kutumia kiunganishi kidogo cha OTG. Unachomeka, mshale unatokea, unafungua simu bila kugusa kioo.

Maji ni habari nyingine. Mzee mmoja wa Mpitimbi alidondosha simu mtoni, akaifuta, akaichomeka kwenye chaji usiku kucha. Umeme ukikutana na maji ndani ya simu, unaunguza mazabodi. Simu ikilowa, izime, toa betri kama inatoka, toa laini na memori kadi, kisha ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti. Usiichaji kujaribu kama inawaka. Na usiifukie kwenye mchele. Kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwaonya watumiaji wa iPhone wasifanye hivyo, kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuingia na kuharibu simu.

Simu ya mzee haikuamka tena. Pamoja nayo ilipotea picha ya mkataba wa shamba alilonunua. Bahati yake, nakala ya karatasi ilikuwepo kwa mtendaji wa kijiji. Wapo wanaodai kwamba fundi anaweza kung'oa kile kipande cha kumbukumbu na kukisoma pembeni. Kwa simu za zamani iliwezekana. Simu za Android za miaka ya karibuni huhifadhi taarifa kwa mafumbo, na bila mazabodi yake na namba yako ya siri hazisomeki. Anayekuahidi kwa uhakika, muulize mara mbili kabla hujatoa hela.

Hata hivyo, hata simu ikifa kabisa, si kila kitu kimekwenda nayo. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, laini. Kama ni nzima, iweke kwenye kitochi. Kama imeharibika, nenda kwenye duka la mtandao wako na namba yako ya NIDA, weka kidole, upewe laini mpya yenye namba ileile. Pesa zako za M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa hazikuwa ndani ya simu, ziko kwenye akaunti yako kwenye mtandao.

Pili, akaunti ya Google. Ingia nayo kwenye simu nyingine. Kama namba za watu ulizihifadhi huko, zitarudi zenyewe. Picha nazo zitarudi kama uliwasha uhifadhi.

Tatu, WhatsApp. Inadai namba yako, ndiyo maana laini ilitangulia. Kama ulikuwa umewasha nakala rudufu, kubali inapokuuliza kuzirudisha. Ukiruka hapo, utaanza na ukurasa mtupu.

Namba yako ya mkulima ya mbolea ya ruzuku isikutie hofu. Imo kwenye mfumo, fika ofisi ya kijiji usaidiwe.

Ukimwachia fundi simu, toa laini na memori kadi uondoke navyo. Namba ya siri iweke kwa mkono wako, ukiwa umesimama hapo hapo. Namba ya siri ya pesa hakuna fundi anayeihitaji.

Jioni ya leo, kabla hujalala, fungua mipangilio ya simu yako, ingia kwenye akaunti ya Google, uhakikishe pasiwedi yake unaikumbuka. Kisha nunua daftari. Kila mzigo unaopima, andika jina, kilo na tarehe, na mwenye mali aweke sahihi yake. Halafu ndiyo piga picha.