Kwa Mpwa Wangu Aliyefunga Daftari

Koboko

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako hajambo, magoti yake yamepata nafuu tangu mvua zikatike.

Mama yako ameniambia kwamba tangu usome uhakiki wa kitabu chako umefunga daftari, na huko Arua hutaki hata kuulizwa habari za hadithi. Akanitumia uhakiki wenyewe. Mara ya kwanza niliusoma nikakasirika kwa ajili yako. Mara ya tatu nilikiweka kitabu chako kando yake, nikawa nasoma huku na huku. Nakuomba nawe ufanye hivyo.

Mhakiki analalamikia mambo mawili. Kwanza, kwamba hadithi zako zinakimbilia mwisho. Hapo kasema kweli, mwanangu. Tazama ile ya mwanamke anayepeleka tumbaku Ariwara. Safari umeipa kurasa saba, mto, matope, askari, kila kitu. Kisha anarudi, mumewe amefariki, na kifo chenyewe kina mistari minne. Nilipoisoma niligeuza ukurasa nikidhani umechanika. Na uone jambo hili: aliyelalamikia miisho yako ni mtu aliyesoma hadi mwisho.

La pili ni lugha. Anasema Kiswahili chako kimejaa Kinubi na Kilugbara, ukiandike kwa Kiswahili sanifu. Hapa nisikilize, maana mimi nilishapita njia hiyo.

Zamani niliandika mchezo wa kuigiza kuhusu soko la mpakani Oraba. Mtu mmoja aliyesoma sana akaniambia mbele za watu kwamba wahusika wangu wote wana mdomo mmoja, na kwamba afadhali niandike kwa Kiingereza. Niliumia, nikakaa miaka miwili bila kushika kalamu. Siku moja nilikuwa sokoni hapa Koboko, nikimsikiliza muuza samaki. Alimjibu mteja wa kwanza kwa Kikakwa, wa pili kwa Kinubi, akamkemea mtoto kwa Kilugbara, kisha akapatana bei na dereva wa lori kwa Kiswahili chetu hiki cha mpakani. Katika mchezo wangu, watu kama hao wote walizungumza kama kitabu cha darasani. Yule mtu alikiona kidonda. Dawa aliyoniandikia ndiyo ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Basi usiyafute maneno ya kwetu. Mhakiki wako amejikwaa mahali fulani, nawe tafuta ni wapi. Nimehesabu sehemu tano ambapo neno la Kinubi limesimama peke yake, na sentensi haimsaidii msomaji wa Tanga au Lamu kulikisia. Tengeneza sentensi hizo tano. Neno libaki.

Nawe si wa kwanza kukosolewa. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, watetezi wa vina na mizani walisema hayo si mashairi. Yeye alijua kwa nini ameviacha, akaendelea, akatoa Karibu Ndani mwaka 1988. Ukijua sababu ya ulichokifanya, unaweza kumsikiliza anayekukosoa bila kutetemeka.

Na wamkumbuka mwandishi Taban lo Liyong, aliyelelewa Gulu? Mwaka 1965 aliandika kwamba Afrika Mashariki ni kame katika fasihi. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek akatoa utenzi wake Song of Lawino kwa Kiingereza, alioutafsiri mwenyewe kutoka Kiacholi chake, na mwenyewe akakiri kwamba mahadhi ya Kiacholi yamepotea njiani. Taban hakuridhika na tafsiri hiyo. Mwaka 2001, Okot akiwa ameshafariki, Taban alitoa huko Kampala tafsiri yake mwenyewe ya utenzi huohuo, The Defence of Lawino. Mtu hatafsiri upya kitabu kizima asichokijali. Mimi namheshimu mno mkosoaji wa namna hiyo, hata pale anapokosea.

Jumamosi panda gari la asubuhi uje. Lete hadithi ya tumbaku peke yake, nyingine ziache. Bibi yako alimjua mwanamke aliyerudi kutoka sokoni akakuta msiba nyumbani kwake. Amekubali kukusimulia siku ile ilivyokuwa, tangu mwanamke huyo alipoishusha mizigo.

Mjomba wako.