Njegere na Adui Zake

Msomaji wangu, punje ya njegere uionayo katika mchuzi wa viazi, kijani na laini, haikufika sahanini kwa wepesi. Tangu siku ilipotiwa udongoni hata siku ilipotolewa katika ganda lake, iliwindwa na adui wa kila namna: wa chini ya ardhi, wa juu ya majani, na wa angani. Nimelima njegere, au minji kama wengi wetu tuziitavyo, katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yangu kwa miaka mingi. Sitakueleza habari za miaka yote hiyo. Nitakueleza habari za msimu mmoja tu, kwa sababu katika msimu huo nilipaswa kuchagua baina ya mashauri mawili, na kila moja lilikuwa na hatari yake.

Nyumba yangu iko Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Njegere ni mmea upendao baridi. Katika joto la pwani haustawi, bali huku kwetu hutambaa juu ya fito hata ukampita mtu kimo. Lakini hata baridi ina kiasi chake. Usiku wa Januari na Februari, wakati anga haina wingu, umande huganda juu ya majani ukawa sakitu, na sakitu ikiyakuta maua ya njegere, asubuhi utayaona yamelegea kama karatasi iliyolowa. Kwa hiyo sisi hungoja mvua za masika, tukapanda mwanzo wa Aprili.

Mbegu nilizopanda msimu ule hazikutoka dukani. Mama yangu alizipokea kwa mama yake, naye kila mwaka alizihifadhi katika kibuyu pamoja na majivu. Mavuno ya miaka miwili mfululizo yalikuwa yameoza kwa mvua kabla ya kukauka, na zilizobaki zilijaa kikombe kimoja tu, tena zilikuwa zimekwisha kukaa miaka mitatu. Mbegu ikikaa sana hupungukiwa na uhai, hata ikafika siku ambayo haioti kabisa; basi hapakuwa na njia ila kuzipanda zote. Mama magoti yake hayamruhusu tena kuinama shambani. Alinikabidhi kibuyu, akasema, "Mwanangu, hizi ndizo zote. Zikifa hizi hakuna jirani wa kumwomba, maana wote sasa hununua za dukani."

Nilitengeneza mistari sita. Punje zilizoota zilikuwa zaidi ya nusu kidogo, nami nikashukuru. Asubuhi ya nne baada ya miche kuchomoza, niliikuta kumi na mmoja imelala chini, imekatwa usawa wa udongo kana kwamba mtu amepita na wembe. Huyo ni kiwavi akataye mashina. Hufanya kazi yake usiku, na mchana hujificha, lakini haendi mbali. Fukua udongo kwa kidole kandokando ya mche uliokatwa, kina cha kidole hicho, nawe utamkuta amejikunja kama pete, mnene, rangi ya udongo wenyewe. Nilifukua kila asubuhi kwa muda wa wiki moja, na waliopatikana wakaliwa na kuku. Miche iliyosalia niliizungushia pete za karatasi ngumu zilizozama kidogo ardhini, kwa kuwa kiwavi huyu hukata akiwa juu ya udongo, na ukuta mdogo wamzuia. Ndege nao walikuja kudonoa majani machanga. Matawi ya miiba yakawatosha.

Mwezi wa Juni mvua ilikatika mapema, na njegere zikaanza kutoa maua. Hapo ndipo walipokuja vidukari.

Kidukari wa njegere ni mdudu wa kijani, mwenye miguu mirefu, mdogo kuliko punje ya mchele. Umwonapo mmoja hutishiki. Huchomeka mdomo wake ulio mfano wa sindano katika chipukizi, akanyonya utomvu, wala hana haraka. Nguvu yake iko katika uzazi wake. Wakati wa chakula kingi jike hana haja ya dume, wala hatagi mayai. Huzaa mabinti walio hai, na binti aliyezaliwa leo aweza kuwa mama kabla ya wiki mbili kwisha. Fanya hesabu mwenyewe, wewe ambaye bado unafundishwa hesabu, uone wapi utafika kwa mwezi mmoja. Tena katika kunyonya kwake hutoka mmea mgonjwa akaingia mmea mzima, akipeleka virusi vinavyoyakunja majani na kuyatia mabaka ya njano, na ugonjwa huo hauna dawa.

Jirani yangu alipita na pampu ya dawa mgongoni, akasimama uani. "Mwalimu," akaniambia, "mbona wangoja? Wiki ijayo hutakuwa na mmea. Nitakupigia dawa sasa hivi, wala sitaki malipo."

Jirani huyu ni mtu mwema, na maneno yake hayakuwa ya kipuuzi. Laiti mbegu zingekuwa za dukani, nadhani ningeweza kulipima jambo lile kwa utulivu zaidi. Lakini kila chipukizi niliyoitazama ilikuwa sehemu ya kile kikombe kimoja, na mtu aliyebeba amana ya mwenziwe huogopa kutenda kama aogopavyo kukaa bure.

Mambo matatu yalinizuia. La kwanza ni watoto. Njegere si kama maharagwe makavu ambayo hungoja chungu. Mtoto apitaye bustanini huvunja ganda akala mbichi palepale. Kila dawa ina idadi ya siku za kungoja baina ya kupigwa na kuvunwa, nazo zimeandikwa kwenye chupa, lakini mtoto hasomi chupa. Jambo hili si dogo hata kwa wakulima wakubwa. Tangu tarehe 1 Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa njegere na maharagwe mabichi yaliyotoka Kenya, kwa sababu ya mabaki ya dawa yaliyoonekana ndani yake, na wauzaji wetu wakapata hasara. La pili ni nyuki. Njegere yenyewe haimhitaji nyuki sana, maana ua lake hujichavusha kabla ya kufunguka. Lakini maboga yangu yaliyo mistari miwili tu kutoka hapo hayazai pasipo nyuki, na dawa haijui mpaka.

La tatu nilionyeshwa na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuja kunisaidia siku ile. Alikuwa ameinua kidole tayari kumponda mdudu mmoja wa ajabu: mweusi, mrefu kidogo, mwenye madoa ya rangi ya chungwa na miguu sita, mfano wa mamba mdogo.

"Mjomba, na huyu ni adui?"

Nikamshika mkono. Huyo alikuwa mtoto wa mdudu kibibi, yule mwekundu mwenye madoadoa meusi na mgongo wa mviringo ambaye watoto hupenda kumwacha atambae juu ya kucha. Mama na mtoto hawafanani hata kidogo, na kwa sababu hiyo watu wengi humuua mtoto huku wakimsifu mama. Wote wawili hula vidukari, na mtoto ndiye mlafi zaidi. Tulikaa tukamtazama. Alimshika kidukari mmoja, akamnyonya hata akabaki ngozi, akageuka kumtafuta mwingine. Tulipotazama vizuri tuliona jambo lingine: baadhi ya vidukari walikuwa wamevimba, wagumu, rangi ya kahawia, hawaendi. Hao walikuwa maiti. Nyigu mmoja mdogo sana, mdogo kuliko kidukari mwenyewe kwa unene, hutia yai ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu humla kwa ndani, kisha hutoboa tundu la duara mgongoni akatoka akaruka. Mpwa wangu alihesabu maiti tisa katika mmea mmoja, na matundu manne.

Basi dawa ya jirani ingewaua vidukari wengi, hapana shaka. Ingewaua kadhalika wadudu kibibi na nyigu. Lakini kidukari mmoja aliyesalimika huwa kabila zima kwa mwezi, na nyigu na kibibi hawazaani kwa kasi hiyo. Mwezi wa pili ningebaki na adui bila mlinzi.

Nilimwambia jirani, "Nipe siku saba. Nikishindwa nitakuita mwenyewe."

Siku saba zile zilikuwa ndefu. Mstari wa kwanza, ambao majani yake yalikuwa yamekwisha kukunjamana na kutia mabaka, niliung'oa wote nikauchoma, na moyo wangu ukauma, kwa maana nilikuwa nikichoma mbegu ya bibi yangu kwa mkono wangu. Katika mistari mingine tulifanya kazi ya ufukara: alfajiri, mmoja wetu alishika beseni lenye maji ya sabuni chini ya majani, na mwingine alitikisa ufito. Kidukari wa njegere ana desturi ya kujiangusha anapotishwa, naye huanguka kwa mamia. Jioni, pale tu ambapo hatukuona kibibi wala mtoto wake, tulinyunyiza maji yaliyoyeyushwa sabuni kidogo ya kipande chini ya majani. Sabuni haidhuru ila mdudu iliyemgusa, wala haina sumu ikaayo siku nyingi kama dawa. Kila asubuhi tulitazama chipukizi ishirini, zilezile, tukaandika ni ngapi zilizo na vidukari. Siku ya kwanza zilikuwa kumi na nne. Siku ya tatu zikawa kumi na saba, na usiku ule sikulala vema. Nilikwisha kuvaa viatu ili niende kwa jirani, nikavivua. Siku ya tano zikawa kumi na mbili. Siku ya saba zikawa tano, na watoto wa kibibi walikuwa kila mahali.

Baada ya hayo nilisumbuliwa na adui wadogo: yule achimbaye ndani ya jani akiacha njia nyeupe zipindapindazo, ambaye dawa yake ni kuchuma jani na kulizika; na funza wa nondo, atoboaye ganda akala punje moja baada ya nyingine. Funza nilimtoa kwa mkono. Ukungu mweupe kama unga pia ulikuja mwishoni, kama ujavyo siku za kiangazi zenye umande mwingi wa usiku, lakini ulikuta maganda yamekwisha kujaa.

Usidhani taabu hii ni ya Kinangop peke yake. Gregor Mendel, mtawa aliyefanya majaribio yake ya urithi kwa njegere huko Brno, katika nchi iitwayo sasa Ucheki, aliona haja ya kutaja katika makala yake ya mwaka 1866 mdudu mdogo wa jamii ya wenye mabawa magumu, aliyemwita Bruchus pisi, aingiaye katika maua ya njegere na kuweza kuharibu majaribio. Somo lile unalojifunza katika baiolojia lilipita nalo katika vita vya bustani.

Maganda ya mistari mitatu tuliyala mabichi. Mistari miwili tuliiacha ikauke juu ya fito. Nilipokwisha kuvuna nilikata mashina, nikaiacha mizizi ardhini pamoja na vinundu vyake, ambavyo ukivipasua vikiwa hai vina rangi ya waridi, kwa kuwa vijidudu viishivyo humo huipa ardhi chakula cha naitrojeni.

Mama alikaa kivulini na ungo magotini, akapepeta na kuchagua. Zenye tundu alizirushia kuku. Zilizokunjamana alizitenga kwa chakula. Zilizobaki alizipima kwa kikombe kilekile, vikawa vikombe vitatu. Viwili alivitia katika kibuyu pamoja na majivu. Cha tatu alinituma nimpelekee jirani yangu mwenye pampu, naye alikipokea kwa mikono miwili, akauliza kama fito zangu zilikuwa za urefu gani.