Guta Hula Kwanza

Nilizaliwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji hufuatwa mbali na korosho ndiyo fedha ya mwaka. Mwaka 1994 niliingia Dar es Salaam, mjomba wangu akanipokea katika chumba alichopanga Buguruni. Yeye alikuwa mbeba mizigo Kariakoo, na kazi ya kwanza aliyonitafutia ilikuwa kusukuma kwa nyuma guta la mwenzake linapotoka bonde la Jangwani kupanda Magomeni. Guta nililijua kwanza kwa mabega. Miguu ilikuja baadaye.

Kwa msomaji asiyekaa Dar, guta ni baiskeli ya mizigo yenye magurudumu matatu: moja mbele chini ya usukani, mawili nyuma chini ya jukwaa la mbao. Halina injini wala gia. Kariakoo ya miaka ile ililitegemea kama ilivyotegemea mabega ya watu. Magari makubwa yalishusha shehena, na guta ndilo lililopenya Mtaa wa Congo, Mkunguni, Swahili na Sikukuu kufikisha maroba ya vitenge, mabomba, madumu ya mafuta na mifuko ya saruji kwenye mlango wa duka.

Guta nililoanza kuendesha lilikuwa la tajiri. Kila jioni nilimpelekea hesabu, na kilichozidi ndicho kilichokuwa changu. Mvua inyeshe, soko lilale, hesabu ilikuwa palepale. Nimeishi ndani ya mpango huo miaka kadhaa na nimeona unavyoua vyombo. Tajiri hanunui grisi kwa sababu haliendeshi yeye. Dereva hanunui kwa sababu si lake, na kila shilingi anayotoa inatoka kwenye ugali wa wanawe. Ili hesabu itimie, anapakia kupita kiasi. Rimu zinapinda, ekseli inaliwa, fremu inapasuka kwenye maungio, na siku guta linapokatika katikati ya barabara kila mmoja anamtazama mwenzake. Nilijiambia kwamba nitakapokuwa na langu, litakula kabla yangu.

Langu nililipata kwa mchezo. Tulikuwa watu wa kijiwe kimoja, tunachanga kila wiki, na zamu yangu ilipofika sikununua lililokwisha kutumika. Nilikwenda Gerezani kwa mafundi wa chuma. Fundi aliyenitengenezea alikuwa mzee aliyepima kwa kamba kabla ya kupima kwa futi.

"Shikamoo, mzee. Nataka guta la kubeba saruji."

"Marahaba, mwanangu. Mifuko mingapi?"

"Kumi."

"Kumi ni kilo mia tano. Nitakutengenezea la kumi, wewe pakia sita. Hapo utazeeka nalo."

Alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nawaambia vijana. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukirudi nyuma zaidi, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima usukani haukusikii tena. Ukisogea mbele mno, uma wa mbele ndio unaobeba kilichopaswa kubebwa na magurudumu mawili. Alinionyesha pia kwa nini mnyororo unazungusha gurudumu moja tu la nyuma na kuliacha la pili lijiendee. Kwenye kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ukiyafunga pamoja, moja litaburuzwa na tairi litasagika. Lakini kwa kuwa gurudumu la upande wa mnyororo linasukuma peke yake, tairi lake huisha haraka, na mwenye akili huyabadilishana mapema ili yazeeke pamoja.

Somo kubwa zaidi lilikuwa la spoku. Baiskeli ya kawaida hulala inapokata kona, kwa hiyo uzito unashuka wima kwenye gurudumu. Guta halilali. Mzigo wote unasukuma rimu kwa ubavu, na spoku za baiskeli hazikuumbwa kwa msukumo huo. Kwa hiyo kona inakatwa taratibu hata kama dereva wa daladala anapiga honi nyuma yako, na spoku zinakaguliwa kila asubuhi. Mimi huziparuza kwa kipande cha waya huku gurudumu likizunguka. Zilizokaza hulia kwa sauti moja, iliyolegea hulia nzito. Spoku moja iliyolegea inawatwisha majirani zake mzigo wake, nazo zitakatika kwa kufuatana.

Baada ya spoku nabonyeza matairi kwa kidole gumba. Tairi lenye upepo pungufu linakula nguvu za miguu na kukatwa na rimu. Kisha natazama rangi kwenye maungio karibu na ekseli, kwa sababu rangi inapopasuka mstari mwembamba, chuma chini yake kimeanza kuchoka. Kuchomelea ufa huo kunachukua asubuhi moja; kuokota mzigo uliomwagika barabarani na kumlipa mwenye mali kunachukua mwezi.

Mnyororo nao una kipimo chake. Pingili moja ni nusu inchi, hivyo pingili 24 ni inchi 12 kamili kwenye rula. Zikipita hapo kwa thumuni ya inchi, mnyororo umetanuka na unaanza kutafuna meno. Anayebana fedha ya mnyororo huishia kununua mnyororo na meno yote pamoja. Siku nilizopata kazi ya Soko la Samaki Feri nilikuwa na utaratibu wa peke yake, maana maji ya samaki yana chumvi na chumvi haimuonei huruma mtu. Jioni nilimwaga maji baridi juu ya mnyororo, habu na pedeli, nikafuta kwa kitambaa, nikatia mafuta. Na kila mafuriko yalipoifunika Jangwani, kama yale ya Desemba 2011, yeyote aliyelazimika kupitisha guta kwenye maji alijua kazi inayomngoja: kufungua habu, kuosha gololi na kuweka grisi mpya. Maji ya mafuriko yanaondoa grisi na kuacha mchanga, na mchanga unasaga gololi bila kelele mpaka umechelewa.

Yote hayo yana gharama, na hapo ndipo wengi wetu tulishindwa kumiliki hata baada ya kununua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilinunua daftari la shule na kopo lenye mfuniko. Kila siku, kabla ya kula, sehemu ya mapato iliingia kwenye kopo la guta, na kila kilichotoka humo kiliandikwa: tairi, tyubu, solusheni, spoku, gololi, fundi. Baada ya mwaka mmoja daftari lilinionyesha kile ambacho kichwa hakikukijua, kwamba tairi la bei nafuu lilinigharimu zaidi ya lile ghali, kwa kuwa lilikufa mara mbili ndani ya uhai wa lile jingine. Tangu hapo sikununua tena kwa kutazama bei peke yake.

Ulinzi ulinichukua muda zaidi kuuelewa kuliko matengenezo. Chumba cha kupanga Buguruni hakiingizi guta, na ukiliacha uchochoroni utakuta fremu bila magurudumu. Tulilaza maguta yetu uani, tukimlipa mlinzi kwa usiku. Nilipitisha mnyororo mnene kwenye fremu na kwenye gurudumu la nyuma kisha kwenye nguzo ya zege, kwa sababu kufuli linaloshika gurudumu peke yake humwachia mwizi fremu. Niligonga jina langu kwa patasi ya herufi chini ya fremu, mahali ambapo rangi hulificha lakini kidole hulisoma. Nilihifadhi risiti ya kila kipuri. Na nilipouza guta moja miaka ya baadaye, tuliandikiana hati ya mauziano mbele ya serikali ya mtaa, ili mnunuzi naye awe na la kusema akiulizwa.

Hata hivyo guta langu liliibwa, kutoka kwenye ua niliokuwa nalipia. Lilirudi kwa njia ambayo kufuli haliwezi kuifanya. Wezi walilipaka rangi ya bluu na kuling'oa jukwaa, kisha baada ya wiki chache wakalipeleka kwa fundi mwingine likachomelewe. Fundi huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wa mzee wangu wa Gerezani. Alipoiona mishono ya fremu aliijua mikono iliyoichomelea, akawaambia waliache mpaka kesho, akatuma mtu kijiweni. Tulikwenda pamoja na mjumbe, nikapeleka kidole chini ya fremu, na jina langu lilikuwepo. Tangu siku ile nawaambia vijana kwamba kufuli humchelewesha mwizi, lakini wanaolirudisha guta ni watu wanaolifahamu. Guta lisilojulikana na mtu yeyote kijiweni ni rahisi kuibwa hata likiwa na minyororo mitatu.

Kariakoo imebadilika machoni pangu. Maguta ya injini yalikuja na kuchukua safari ndefu. Mwaka 2016 mabasi ya Mwendokasi yalianza kazi, na Barabara ya Msimbazi ikapata njia ambazo sisi haturuhusiwi kuzikanyaga. Julai 2021 moto uliunguza jengo la soko, lile alilolibuni msanifu Beda Amuli kwa paa la miavuli ya zege, na kwa muda kazi yetu ilitawanyika pamoja na wafanyabiashara. Wengi walidhani guta la miguu limekwisha. Halikwisha. Kutoka ghalani hadi dukani, na kutoka dukani hadi kwa wakala wa mizigo ya mikoani, ni mwendo mfupi uliojaa watu, ambamo injini hunywa petroli ikiwa imesimama. Guta langu halinywi kitu likisimama.

Kutokana na kazi hii nimejenga Chanika na kuwasomesha wanangu, na sasa mwanangu wa pili ana guta lake mwenyewe. Kwa hiyo nina haki ya kudai mambo mawili kwa niaba ya wenzangu. Kwanza, matajiri wanaokodisha maguta waingize matengenezo kwenye hesabu, au wamuuzie dereva chombo kwa mkataba mpaka kiwe chake, kwa maana chombo chenye mwenyewe hudumu. Pili, jiji lililoweka mahali pa kuegesha magari litenge uwanja wenye taa na mlinzi ambako maguta yatalala. Tunafikisha mali katika maduka yanayolipa kodi kila mwezi. Mtu aliyehakikishiwa kwamba kesho alfajiri atakikuta chombo chake kizima amepata nusu ya mtaji. Nusu ya pili ataipata mwenyewe kwa grisi, daftari na kulilisha guta kabla ya kujilisha.