Tuwashike Mkono Wanaoanza Kazi za Kompyuta

Je, mama mwenye miaka 38, mwenye watoto watatu na cherehani yake barazani, aweza kubadili kazi na kuwa mtu wa kompyuta? Swali hili tumeulizwa mara nyingi katika ukumbi wa kanisa letu, ambako kila Jumamosi tunakaa na wanawake wanaotaka kazi nyingine. Sisi tunaowasaidia tu wachache: wauguzi wawili, mwalimu mstaafu, na binti mmoja wa usharika ambaye kazi yake ni kuandika programu. Kompyuta tunazo nne, na moja huzimika ikipata joto.

Huenda msomaji akauliza, muuguzi na kompyuta wapi na wapi? Lakini mama yeyote aliyefika kliniki hapa Tanzania amemwona muuguzi akijaza vile vitabu vikubwa vya MTUHA. Zamani kila mwisho wa mwezi tulijumlisha kwa mkono, karatasi zikapelekwa wilayani, na huko nako zikajumlishwa tena. Kufikia mwishoni mwa 2013 takwimu hizo zilikuwa zikiingizwa nchini kote katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuuendeleza. Kazi iliyozaliwa hapo si ya waandika programu peke yao. Anatakiwa mtu wa kuingiza takwimu, wa kuzikagua, wa kufundisha wengine. Zahanati ndogo ikiandika kwamba imezalisha akina mama 400 kwa mwezi, aliyefanya kazi kliniki miaka kumi huliona kosa papo hapo. Kijana aliyemaliza chuo jana, pamoja na ufundi wake wote, anaweza kulipita. Kwa hiyo mama anapotuambia anaanza bila kitu, tunamwuliza kwanza: ulikuwa ukifanya nini?

Wala jambo hili si geni duniani. Mwaka 1962 huko Uingereza, Stephanie Shirley, aliyekuwa ameingia nchini humo mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka mitano, alianzisha kampuni ya kuandika programu kwa mtaji wa paundi 6. Aliwatafuta wanawake waliojua kazi hiyo lakini wameiacha kwa sababu ya ndoa na watoto. Walifanya kazi majumbani mwao, juu ya meza ya kulia chakula, kwa penseli na karatasi. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa 3 tu. Barua zake za kuomba kazi hazikujibiwa mpaka mumewe alipomshauri atie sahihi kwa jina la kiume, Steve. Hapo milango ikaanza kufunguka. Simu ilipolia nyumbani alikuwa akiwasha kanda ya mlio wa taipureta ili mteja adhani ni ofisi kubwa, asisikie sauti ya mtoto. (Mama yupi kati yetu hajawahi kujifungia chooni ili aongee na simu ya kazini?) Wanawake hao waliandika hata programu ya kisanduku cha kumbukumbu cha ndege ya Concorde. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia ndiyo iliyomlazimu kuwafungulia wanaume nao mlango. Mama huyo alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91.

Turudi ukumbini kwetu. Kushika kipanya na kuandika kwa vidole kumi hujifunzwa popote. Linalokosekana ni mtu wa kukaa naye. Katika uuguzi tulipokuwa wanafunzi, hakuna aliyejua kuchoma sindano kwa kusoma daftari. Alisimama dada wa wodi pembeni, hakugusa mkono wetu, lakini alikuwepo. Ndivyo tunavyojaribu kufanya. Ugumu upo mahali ambapo hatukupatarajia: binti yetu mwandika programu ana miaka 26, na wanafunzi wake ni wa rika la mama yake. Anawaamkia shikamoo, kisha inambidi awaambie kazi yao haifai irudiwe. Mwanzoni akina mama walinyamaza tu, wakaacha kumwuliza maswali kwa kuona aibu. Tulichofanya ni kuketi sisi wenyewe mbele, na kumwuliza yale maswali ya kitoto kwa sauti. Baada ya majuma mawili hivi wote walikuwa wakiuliza.

Yule mama wa cherehani ni mmoja wao. Alimwelewa binti huyu kuliko wengi, maana fundi nguo anajua kwamba kipimo kikikosewa mwanzoni, kosa linakwenda hadi kwenye mkono na kola. Shida ilikuwa nyumbani. Mumewe alimwuliza, "Umri huu shule ya nini, na chakula nani atapika?" Wapo waliotaka tumpe maneno makali ya kumjibu. Hatukukubali. Tulimtembelea yule baba, mwalimu wetu mstaafu akatangulia kuzungumza, na ikaonekana kwamba kilichomsumbua hasa ni mkewe kugombania daladala usiku. Tukahamisha masomo yawe saa nane mchana. Kuhusu chakula, binti yao mkubwa na kaka yake sasa wanapokezana, na mama anasema ugali wa kijana umeanza kuiva vizuri.

Kuna mambo mawili tunayashikilia bila kubembelezana. Mama asikope mikopo ya kausha damu ili anunue kompyuta. Zile nne zetu zinatosha kuanzia. Na kazi yoyote ya mtandaoni inayomtaka atume ada ya usajili kabla ya kuanza ni wizi, hata kama tangazo lake limeletwa na shoga yake wa karibu.

Mwaka huu mama huyo alipata mkataba wa miezi mitatu wa kuingiza na kukagua takwimu katika ofisi moja ya mjini. Lazima tuseme kweli: malipo yake ni madogo kuliko anayoyapata kwa kushona msimu wa Krismasi na sare za shule. Amewahi kutuuliza kama amefanya ujinga. Hatukumjibu kwa faraja tupu. Tulikaa naye na daftari, tukapiga hesabu ya mwaka mzima, pamoja na ile miezi ambayo hakuna anayeshonesha na kodi ya nyumba inadaiwa. Hesabu ilionyesha mshahara mdogo wa kila mwezi unamfaa, ila tu mkataba uongezwe. Tukamwambia asiuze cherehani.

Mkataba unakwisha mwezi ujao. Jumamosi hii tunaandika naye barua ya kuomba aongezewe, na binti yetu amemwandalia jedwali la makosa yote aliyoyagundua kwenye takwimu za ofisi hiyo, ili aliambatanishe.