SEHEMU YA 7: GEMU LA MTU MMOJA LINALODAI BANDO

Wiki iliyopita tuliongelea homa za usiku. Leo utaniuliza, nesi, magemu yanakuhusu nini? Yananihusu. Nina mtoto wa miaka 11 nyumbani, na kazini nawaona watoto waliovunjika paja wamelala wiki kadhaa, mguu umevutwa kwa uzito, hawashuki kitandani. Kwa mtoto wa namna hiyo, simu yenye gemu ndiyo uwanja wake wa mpira.

Sasa kuna kitu kinanikera, na nataka ukijue kabla hujatoa hela. Yapo magemu ambayo mtoto anacheza peke yake, hakuna mwenzake upande wa pili, lakini bila intaneti hayafunguki kabisa. Kila ukiwasha, gemu linaomba kwanza ruhusa kwenye seva ya kampuni, yaani zile kompyuta zao zilizoko huko mbali. Bando likikata, gemu nalo limekata. Na seva ikizidiwa, hata uwe na bando la mwezi mzima hupati kitu.

Nielewe vizuri. Gemu la kucheza na wenzako walioko mbali, lazima lidai intaneti. Mimi naongelea lile la mtu mmoja.

Hili halikuanza jana. Tarehe 15 Mei 2012 lilitoka gemu la kompyuta linaitwa Diablo III. Unaweza kulicheza peke yako mwanzo mpaka mwisho, ila lilitaka uwe mtandaoni muda wote. Nakala zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa ndani ya saa 24, na watu wengi waliolipa waliishia kusoma ujumbe wa kosa namba 37: seva zimezidiwa, jaribu tena baadaye.

Machi 2013 likafuata SimCity, gemu la kujenga mji wako. Watu wakapangwa foleni ya kuingia kwenye gemu walilokwisha kulipia, wengine miji waliyoijenga ikapotea. Duka la Amazon likasitisha kwa muda kuliuza kwa njia ya kupakua. Walipolalamika, waliambiwa seva inafanya sehemu kubwa ya hesabu za gemu, kwa hiyo kuliondoa mtandaoni si jambo rahisi. Machi 2014 kampuni hiyohiyo ikatoa njia ya kulicheza bila intaneti. Kumbe iliwezekana!

Kwa nini wanafanya hivi? Sababu moja ni kuzuia nakala za wizi, na hapo siwalaumu, kila mtu anataka kulipwa kwa jasho lake. Nyingine ni kukuuzia vitu vidogovidogo humohumo ndani ya gemu. Na siku ya kwanza huwa mbaya zaidi kwa sababu ni kama kliniki ya Jumatatu asubuhi: akina mama mia mbili wamefika saa moja, dirisha la kuandikisha ni moja.

Kwetu ilitukuta Desemba. Mjomba wake alimletea mwanangu diski ya gemu la mbio za magari, jina silitaji, zawadi ya kufanya vizuri shuleni. Tukaiweka. Ikataka ipakue kwanza GB 38. Nikaunga bando, tukalala, asubuhi imemaliza. Mtoto akakaa mbele ya runinga tayari kabisa. Gemu likataka kuingia mtandaoni, na siku hiyo mtandao mtaani kwetu ulikuwa unasumbua. Likazunguka, likazunguka. Akanigeukia akaniuliza, "Mama, si ni letu? Si mjomba ameshalinunua?"

Swali la mtoto, lakini watu wazima wanalipeleka mpaka mahakamani. Gemu la magari liitwalo The Crew lilitoka Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva, na likawa halichezeki tena, hata kwa aliyekuwa anaendesha peke yake, hata kwa mwenye diski kabatini. Baada ya hapo jimbo la California likapitisha sheria, imeanza 2025: anayeuza gemu la kupakua haruhusiwi kukuambia "nunua" bila kukueleza wazi kwamba unapewa ruhusa ya kulitumia tu. Na Ulaya, ombi la kutaka magemu yasiuliwe hivyo lilivuka saini milioni moja Julai 2025.

Mimi nalitazama hili kwa macho ya wodini. Tunaandikisha wagonjwa kwenye mfumo wa kompyuta. Mfumo ukigoma, hatumwambii mama mwenye uchungu asubiri mtandao urudi. Tunachukua daftari, kazi inaendelea, mfumo ukirudi tunaingiza. Kama leba ina daftari, gemu la mtoto la kuendesha gari peke yake linashindwaje kuwa na lake?

Basi mama mwenzangu, kabla hujalipa:

1. Muulize muuzaji: linachezeka bila intaneti? Asikujibu "ndiyo" hewani, soma nyuma ya boksi au maelezo yake dukani.

2. La simu, weka hali ya ndege kisha ulifungue. Fanya hivyo nyumbani, si ukiwa ndani ya basi au mtoto ameshalazwa.

3. Uliza linapakua GB ngapi hata kama lina diski. Bando nalo ni bei.

4. Likiwa jipya kabisa, subiri wiki tatu. Desemba 2020 Sony iliiondoa Cyberpunk 2077 dukani kwake wiki moja tu baada ya kutoka kwa jinsi ilivyokuwa na kasoro, ikarudisha watu hela zao.

5. Mwambie mtoto ukweli. Akilia, hajadeka. Aliahidiwa kitu, akakifanyia kazi, akakikosa akiwa amekishika mkononi. Hata wewe ungenuna.

Wodini nimejifunza kwamba mtoto anavumilia sindano ukimwambia mapema kwamba itauma. Kinachomvunja ni kuambiwa haiumi.

Sehemu ya 8 tunarudi kwenye chanjo. Wekeni kadi za kliniki karibu.