Simba Aliyerudi Kwao

Katika utoto wetu hapa Ugogo hatukuijua televisheni. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994, nasi wakati huo tulikwisha kuwa watu wazima wenye kazi. Picha zetu zilikuwa vivuli vya moto ukutani mwa tembe, bibi akisimulia ulafi wa fisi na hila za sungura. Basi sinema ya katuni tunayotaka kuitetea hapa tuliitazama tukiwa wazazi; lakini ilitukuta tungali watoto wa watu.

Sinema hiyo ni The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney ya Marekani mwaka huo huo wa 1994. Wapo wenzetu wasemao kwamba haistahili heshima kwetu, kwa kuwa imeokota maneno ya Kiswahili na kuyafanya mapambo: Simba, Rafiki, Pumbaa, hata Shenzi. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilisajiliwa huko Marekani kuwa na haki ya kutumia "Hakuna Matata" kama alama ya biashara katika mavazi, ilhali hayo ni maneno ya umma. Tena, sinema hiyo yenye majina yetu tele ilipotiwa sauti za Kiafrika wakati ule, ilitiwa za Kizulu. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, utunzi hupimwa kwa kile unachokitenda moyoni mwa mtazamaji.

Wengi huichukua "Hakuna Matata" kuwa ndiyo fundisho la sinema, ilhali kwa maoni yetu ndiyo mtego wake. Mufasa anauawa kwa hila ya nduguye Scar katika mbio za nyumbu. Simba mdogo anaaminishwa kwamba kosa ni lake, naye anakimbia. Huko ugenini anapewa wimbo mtamu wa kusahau, nasi tunauimba pamoja naye. Huku nyuma nchi yake inakauka.

Mtu wa nyanda za kati hawezi kuitazama nchi ile kama mchoro tu. Wazee walitusimulia Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, kaya hazikuwa na akiba wala nguvu. Ukame na ubaya wa watawala viliandamana. Ndivyo ilivyo pia chini ya Scar na fisi wake: dhuluma inatangulia, na kiu inafuata.

Jioni moja, kanda ya video ikiendelea, mwanetu wa miaka sita aliuliza: "Baba, mbona Simba harudi kwao?"

Tulikosa jibu. Ulikuwa mwaka wa nne tangu tumzike baba yetu, nasi hatukuwa tumekanyaga tena kijijini, kwa sababu ya maneno yaliyotamkwa matangani juu ya ng'ombe wachache wa urithi. Mama alikuwa huko peke yake, na shamba lake la uwele lililimwa kwa hisani ya majirani. Kutoka Dodoma mjini ni safari ya nusu siku. Tulikuwa tukituma fedha na kujiambia hakuna taabu.

Mwisho wa juma lile tulipanda basi. Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimenyesha. Mama hakutulaumu; alitukabidhi jembe.

Wahenga walilisema jambo hili kwa maneno matatu: mkataa kwao mtumwa. Wachoraji wa ng'ambo wamelisema kwa dakika 88, na mtoto wa Dodoma akalielewa kabla ya baba yake. Utunzi wenye uwezo huo hauchuji, nasi hatuoni haya kuuita wa kudumu.

Deni linalobaki ni letu. Vijana wa Dar es Salaam wanaotengeneza katuni za Ubongo Kids, zilizoanza mwaka 2014, wamekwisha kuonyesha kwamba kalamu tunayo. Na waje basi Ugogo, wakae na wazee waliobaki, waichore Mtunya kwa Kiswahili, ili wajukuu wetu waulize maswali yao mbele ya nchi yao wenyewe.